Historia Isiyotiwa Maji ya Laust Nørby, Mpima Maziwa

Ndugu, majirani na marafiki mliokusanyika katika ukumbi huu wa kijiji, msiache kahawa ipoe, maana marehemu hakupenda kitu kipoe kwa ajili yake, wala hakupenda sifa za msibani, na katika karatasi aliyoiacha kwenye droo ya jikoni aliagiza kwamba historia yake isomwe na mkwe wake, Anker, iwe na tarehe sahihi, isitiwe maji, na kabla ya kusomwa ikaguliwe na mtu wa pili. Imekaguliwa na mjane wake, Metha, mara mbili, naye amefuta sehemu tatu.

Laust Nørby alizaliwa tarehe 14 Novemba 1938, katika shamba dogo magharibi ya Bøvlingbjerg, akiwa mtoto wa nne wa Peder na Johanne Nørby, na inasemekana hakulia mpaka alipokwisha kumtazama mkunga vizuri, ingawa yeye mwenyewe hakuiamini habari hiyo kwa kuwa shahidi alikuwa mmoja tu. Alisoma shule ya kijiji kuanzia Aprili 1945 hadi Machi 1953, ambako mwalimu aliandika kwamba ni mwanafunzi makini, ila ana tabia ya kuhakiki majibu ya mwalimu.

Baada ya kuhitimu mafunzo ya upimaji, tarehe 1 Novemba 1958 alianza kazi ya kupima maziwa ya wafugaji wa wilaya hii, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini kamili, na katika miaka ya mwanzo akizunguka kutoka zizi hadi zizi na sanduku la vichupa, mizani, na daftari la jalada jeusi, akilala nyumbani kwa mwenye ng'ombe, akila mkate wake, na asubuhi akimpima. Si rahisi kula mkate wa mtu huku humwamini, lakini marehemu aliweza, kwa sababu alizijua hila zote, hasa ile ya kutomaliza kukamua siku za kabla ya kipimo, ili mafuta yabaki kiweleni na ng'ombe aonekane bora kuliko alivyo. Dawa yake ilikuwa moja, kwamba ukimshuku mtu, muage vizuri, kunywa kahawa yake, kisha rudi kesho yake bila taarifa. Baadhi yenu mliomo humu mlirudiwa hivyo, na hamjasahau.

Alifunga ndoa na Metha Overby tarehe 6 Juni 1964, katika kanisa hilihili tulilotoka sasa hivi, baada ya kumkamata baba yake Metha mara mbili kwa maziwa ya maji, na alipokwenda mara ya tatu hapakuwa na shaka yoyote juu ya maziwa. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Ane, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1967, na alipoolewa na Anker, marehemu alimpa mkwe wake muda wa majaribio, ambao ulidumu miaka kumi na mmoja.

Tarehe 22 Mei 2018 aliambiwa kwamba ana saratani ya tezi dume, na kwamba imekwisha kufika mifupani. Daktari alimuuliza kama ameelewa, naye akajibu kwamba si mbaya, na ninyi watu wa huku mnajua kwamba hilo ndilo neno letu kwa kila kitu, kuanzia kitoweo kizuri hadi ghala linaloungua. Akaombwa kushiriki utafiti wa huduma shufaa, yaani utunzaji wa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, uliotaka kujua namna ya kuwapunguzia maumivu wakiwa majumbani mwao, na namna ya kuwashika mkono wanaowauguza. Alitia sahihi papo hapo, si kwa kuwa aliwaamini, bali kwa kuwa alitaka kuwaona wakifanya kazi.

Alhamisi, tarehe 4 Oktoba 2018, akaja muuguzi mtafiti, Benedikte Rohde, mzaliwa wa Kopenhagen, akaketi na karatasi zake mapajani.

"Maumivu leo, kuanzia sifuri hadi kumi?"

"Mbili."

"Una hakika, mzee Laust?"

"Binti, nimepima watu miaka arobaini. Mbili."

Gari lilipoondoka, marehemu alisimama dirishani mpaka likapotea. "Umemwona alivyoutazama mlango? Anapima kama machela itapita."

"Alikuwa anatafuta koti lake, Laust," Metha akasema.

Shaka zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, ilikuwa imevuma kwamba wakubwa wa afya wanataka kufunga vitanda vya wagonjwa mahututi mjini, na lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hivyo aliwahesabu watafiti kuwa ni wapelelezi waliotangulizwa. Ya pili, akisema saba, watamchukua na kumpeleka kwenye nyumba ya wanaokufa, mwendo wa saa mbili, mahali ambapo Metha, ambaye macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari, asingeweza kufika. Shaka hizi hazikupatana, kwa kuwa mtu anayefungiwa vitanda hawezi tena kupelekwa kitandani, lakini shaka haihitaji kupatana na mwenzake ili ikunyime usingizi.

Basi kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, Benedikte alikuja, akauliza, akajibiwa mbili, mara nane mfululizo. Kilichofanyika ni hiki, na Metha ameagiza kisifutwe: marehemu alikuwa hamezi vidonge vyake vya maumivu siku ya Jumanne wala Jumatano ya wiki za kipimo, alivificha kwenye kikombe cha mayai, kisha Alhamisi asubuhi akavimeza vyote pamoja, akanyoa ndevu, akakaa kitini wima akimngojea mpimaji. Metha alijua tangu wiki ya kwanza, akanyamaza, kwa sababu katika nyumba ile mtu hapingwi mbele ya mgeni, na kwa sababu naye aliogopa kubaki peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mke anayemsaidia kuficha.

Kilichomponza ni majivuno ya kazi. Alhamisi, tarehe 10 Januari 2019, vidonge vikiwa vimemchangamsha, alimsimulia Benedikte mbele ya kahawa na maandazi ya iliki jinsi alivyowakamata wafugaji, akamweleza hila ya kiwele, akamweleza na kurudi bila taarifa. Benedikte alicheka sana, hakuandika kitu, akaaga vizuri.

Kesho yake saa nne asubuhi gari lilelile likasimama uani. Marehemu alikuwa sakafuni kwenye chumba cha kufulia, ameegemea mashine, ameuma kitambaa cha vyombo.

"Leo si Alhamisi," akasema.

"Najua. Umenifundisha mwenyewe."

"Wamekutuma unichukue."

"Sijatumwa. Hata karatasi sina." Akaketi sakafuni kando yake, na koti lake mwilini. "Vidonge unavilimbikiza?"

Marehemu akakaza macho ukutani. Nyuma yao, mlangoni, Metha akasema, "Ndiyo. Tangu Oktoba."

"Hata wewe, Metha," marehemu akasema.

"Hata mimi. Nimechoka kukusikia ukisaga meno."

Benedikte akasema, "Pwani hii nina wagonjwa arobaini na watatu, mzee Laust, na karibu wote wananiambia mbili. Nilidhani dawa zinafanya kazi. Nilikuwa naandika kwamba watu wa huku hawahitaji zaidi."

"Mbili ni adabu tu," marehemu akasema. "Nani atamwambia mgeni saba?"

"Basi adabu yenu ndiyo itakayofunga vitanda."

"Kwa hiyo mtavifunga?"

"Sijui. Wanaoamua si mimi, na siwezi kukuahidi. Ila maziwa ya maji hayatawazuia."

Waliomfahamu marehemu wanajua kwamba hakuna tusi lililoweza kumchoma zaidi kuliko hilo. Akageukia mlangoni, akasema, "Metha. Daftari jeusi. Nyuma ya unga wa shayiri."

Alikuwa ameweza kumdanganya mpimaji, lakini hakuweza kulidanganya daftari. Ndani yake mlikuwa na siku tisini na tisa, kila moja kwa penseli, na namba ya kweli: saba, saba, sita, nane. Tarehe 24 Desemba imeandikwa, "Tisa. Nilicheza." Jioni ile familia nzima ilishikana mikono ikauzunguka mti wa Krismasi ikiimba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikwa na Anker, anayewasomea haya, ambaye hakuhisi kitu, na hilo linamuuma mpaka sasa.

Juma hilohilo dawa ikabadilishwa, wauguzi wa wilaya wakawa wanakuja kila siku, na kitanda cha kuinuka kikapita mlangoni, baada ya marehemu mwenyewe kuupima. Hakupelekwa popote. Benedikte alianza upya kwa wale wagonjwa arobaini na wawili, bila taarifa, na marehemu kila alipomwona alimuuliza amekamata wangapi.

Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, saa nane mchana, katika chumba kinachotazama malisho, Metha akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wa wilaya waliokuja hata njia ilipofunikwa na theluji, majirani walioleta supu na kupandisha bendera nusu mlingoti, wapimaji wenzake wa zamani, na Benedikte Rohde, aliyeketi pale karibu na mlango, ambaye marehemu alisema juu yake kwamba si mbaya.

Limebaki jambo moja. Mstari wa mwisho wa daftari ni wa Ijumaa, tarehe 8 Machi, kwa mwandiko wake mwenyewe, na unasema, "Mbili. Kweli." Metha aliusoma siku ileile, akaenda jikoni, akavua viatu, na baada ya dakika kumi akarudi kimyakimya bila taarifa. Akamkuta amelala, uso umelegea, vidole vimefunguka juu ya blanketi. Akachukua penseli, akaandika chini ya mstari ule, "Nimehakiki. Metha."

Basi pumzika, Laust, kwa amani iliyokwisha kuhakikiwa.