Dereva wa Lori la Misaada Aliyeshika Bunduki Mara Moja

Marehemu amefariki akiwa ametengwa na Meza ya Bwana kwa kosa ambalo hakulitenda, na mtu aliyeujua ukweli amekaa kimya miaka ishirini na minne. Familia imeona ianze na hilo, kwa sababu wengi mliokuja leo mmekuja nalo moyoni, na si vizuri watu kusimama makaburini huku kila mmoja anawaza jambo ambalo hakuna anayelitaja.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Breki, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa nne wa fundi viatu. Wazazi wake walikuwa Wamennonite, watu wasioshika silaha. Baba yake alifungwa jela kwa kukataa kuandikishwa jeshini, na alipotoka aliendelea na kazi yake, akawashonea viatu hata askari jela waliokuwa wakimlinda. Mama alinung'unika. Mzee akamjibu kwamba mguu wa askari nao unachomwa na mwiba, akaendelea kuvuta uzi.

Breki alianza shule mwaka 1969, akasoma hadi darasa la saba. Siku za gwaride wanafunzi walipewa fimbo wazibebe begani kama bunduki. Baba yake alikwenda kumwomba mwalimu mkuu mtoto asiiguse ile fimbo. Mwalimu mkuu alicheka, akampa mtoto ufagio, akasema basi afagie uwanja wenzake wakipiga kwata. Akafagia mpaka mwaka ukaisha. Wenzake walimwita Jenerali Ufagio, naye akawa anawakagua mmoja mmoja, anawafagia vumbi miguuni na kuwaambia wajirekebishe.

Kazi ya gari aliianza kwa utingo. Alipata leseni mwaka 1983, akaajiriwa na kamati ya misaada ya kanisa kuendesha lori la mablanketi, sabuni na maharage. Jina la Breki alipewa na makanika wa gereji, aliyechoka kumbadilishia breki. Breki alikuwa anasimamisha lori zima kumpisha kuku na vifaranga wake. Makanika alimwuliza kama na kuku ni muumini wa kwao. Akasema hilo hajawahi kumwuliza, ila amemwangalia vizuri, hana silaha.

Mkewe alikutana naye ghalani, alikokuwa akifunga marobota ya mablanketi. Breki alikuwa akiyafungua yale aliyoyafunga yeye na kuyafunga upya, anasema ni kwa usalama wa barabarani. Marobota ya wengine hakuyagusa. Akina mama wa ghalani walimwambia binti asipate tabu, kamba hazina kosa lolote. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Vita ilipofika, lori lilichorwa ubavuni bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Sharti la kamati lilikuwa hili: silaha haipandi gari letu, wala mkono wa mtu wetu haugusi silaha, na msaada ni wa pande zote. Breki alipita njia ambazo madereva wa pesa nyingi walizikimbia. Mkewe alikuwa analala roho juu, anaamka anasikiliza kama kuna mngurumo.

Mwezi Agosti 1995, karibu na daraja, walimkuta askari wa waasi amelala kando ya barabara, paja limepasuka kwa risasi, ameikumbatia bunduki yake. Kwenye lori walikuwa wawili tu, Breki na mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alisema waondoke, gari hili halipandishi silaha, na sharti ni sharti. Breki akazima gari akashuka.

Askari alikataa kuiachia ile bunduki. Breki alichuchumaa akamwambia, "Mdogo wangu, gari letu linapakia watu. Hicho chuma hakina tiketi."

Yule askari alicheka kwa maumivu, akamwachia. Breki aliibeba hadi mtoni akaitupa kwenye kina. Akarudi, akambeba yule mtu mgongoni, akampeleka zahanati, na akapona.

Lakini wakimbizi waliokuwa ng'ambo ya mto walimwona kwa mbali ameshika bunduki, wasimwone akiitupa, na habari ilifika nyumbani kabla ya lori. Wazee wa kanisa wakaitisha kikao. Mwenyekiti alimfuata Breki kwanza, pembeni, akamsihi asiseme. Waasi wakijua bunduki yao imetupwa mtoni, watachoma lori. Jeshi likijua mwasi amebebwa, litafunga ghala, na watu watakufa kwa baridi. Akaahidi kwamba vita ikiisha atasimama mwenyewe mbele ya usharika na kueleza. Breki akakubali. Kikaoni alisema tu kwamba ni kweli aliishika, akanyamaza. Wazee wakatoa tamko kwamba amejitwalia silaha, wakamtenga.

Katika kanisa hili, kabla ya Meza ya Bwana watu huoshana miguu wawili wawili, kisha hupeana mkono wa amani. Aliyetengwa haoshi wala haoshwi. Breki hakuacha kuja. Alichota maji bombani, akajaza mabeseni yote, akatandika mataulo, kisha akatoka kukaa nje mlangoni wengine wakioshana kwa maji aliyoyachota yeye. Mkewe naye aliambiwa asije kwenye chumba ambamo akina mama wa kanisa huunga vipande kushona mablanketi ya misaada mpaka mambo yatulie, ila anaweza kushonea nyumbani na kuwatuma watoto na vipande. Vipande vyake walivipokea. Yeye hawakumpokea.

Vita iliisha mwaka 1998. Mwenyekiti alianza kualikwa huku na huko kuzungumzia amani. Alisimulia vizuri, watu wakalia, kwamba katika vita nzima hakumwacha majeruhi hata mmoja barabarani. Akieleza habari za bunduki, itabidi aeleze na lile alilosema yeye pale darajani. Akapiga kimya.

Mkewe alimwambia Breki aende akaseme mwenyewe. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akafika mahali pa kumnunia wiki nzima. Breki alikuwa anakunywa chai yake. Siku moja tu ndiyo alimjibu sawasawa: "Mama Watoto, nikisema mimi nitakuwa nimemshtaki. Akisema mwenyewe atakuwa ametubu. Mwache apate nafasi."

Alianza kuugua figo mwezi Machi 2019. Alitibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na aliwashukuru wauguzi kwa kila walichomtendea, hata sindano. Mwezi Januari mwenyekiti alifika wodini na kumwombea sala ndefu. Alipomaliza, Breki hakumwachia mkono.

"Mzee," akamwuliza, "bado tu?"

"Pona kwanza, ndugu yangu. Tutaongea ukipona."

Breki aligeuka kumtazama mkewe, akatabasamu, kama vile anamwomba asigombe na mgeni. Mkewe hakugomba. Alimsindikiza mzee hadi ngazini, akarudi kukaa.

Breki hakupona. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2020, akiwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu wanne na dada yake mkubwa. Familia inawashukuru madaktari, majirani, na makanika wa gereji aliyeleta lori lile lile kumbeba.

Ahadi ya kunyamaza ilikuwa ya Breki, naye ameitunza hadi pumzi ya mwisho. Mkewe hakumwahidi mtu chochote. Mwenyekiti yupo hapa leo, amekaa mstari wa mbele. Anadaiwa maneno machache: kwamba lori lilisimama, kwamba yeye alisema liondoke, na kwamba Breki aliishika bunduki ile ili aitupe. Wazee wa kanisa wanadaiwa kulifuta tamko lao kwa sauti ile ile waliyolitoa, mbele ya watu wale wale waliobaki.

Bwana ampokee mtumishi wake na kumpa pumziko. Wenye majembe, familia inawaomba msianze kwanza.