Komeo la Mlango Wangu

Sikieni, wanangu, na mniinue kidogo. Hapana, nilazeni tena, godoro hili leo lina miiba. Nani anakohoa barazani? Msiniambie. Kikohozi cha dada yangu nakijua tangu utotoni.

Dada yenu mkubwa mmempa jina la Komeo. Shangazi yenu alipokuja kuniona akazuiwa mlangoni kwa sababu ya mafua, mtaa mzima ulimsikia: "Nimembeba mgongoni huyu, leo nimekuwa sumu?" Nanyi mkanong'ona kwamba binti ananificha ili karakana yangu ya useremala iwe yake peke yake. Mgonjwa hana kazi, wanangu. Kazi yake ni kusikia.

Ubao ukiingiwa na mchwa tunautia dawa, na mchwa wakifa, sisimizi waliokuwa wakiwawinda hufa nao. Mionzi ya hospitali nayo ndivyo ilivyo. Ilielekezwa kwenye uvimbe wa mfupa wa nyonga, na kweli iliuchoma, lakini ndani ya mfupa huo ndimo mwili unamotengenezea askari wa damu, nao wakapungua, hata mafua ya mtoto yakawa simba kwangu. Daktari akasema asiingie mwenye kikohozi. Mkubwa akatii, akanawa mikono mpaka ikachubuka, akachemsha hata kijiko. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Yeye hakuchelea kelele za nje, wala jinsi nilivyomnunia mimi humu ndani.

Nigeuzeni. Basi, hapohapo.

Karakana ni yenu nyote. Randa yangu kubwa ya kulainishia mbao apewe yeye, na asiondolewe na mtu penye benchi lile nikishafukiwa. Anayetaka kumwita Komeo na amwite, ila kwa heshima, maana bila komeo hilo mngenizika tangu mvua za kwanza.

Sasa uvimbe umehamia mapafuni, na daktari hana tena mionzi ya kunipa. Komeo libaki mlangoni kulinda nini? Mkubwa, mwanangu, mlango huu uliufunga wewe, usimwachie mwingine kuufungua. Vuta. Usilie, vuta tu. Nanyi mwacheni shangazi yenu apite.

Mungu awape... mikono isiyotetemeka... na subira... subira ya...

Dada? Ingia. Kohoa tu, dada, kohoa. Sogea karibu... karibu zaidi.