Ubao wa Piano Ndani ya Sauna ya Aune

Wasikilizaji wapendwa, mmeamkaje? Leo namkumbuka Aune Kivelä, fundi wetu wa piano hapa Hancock. Aune ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja. Msinune, tafadhali. Aune hakuwapenda watu walionuna.

Mnaijua piano kubwa ya ukumbi wetu wa Wafini. Kuna mwaka ilikuwa imekufa kabisa. Ubao wa sauti, ule mpana ulio chini ya nyuzi, ulipasuka. Kamati ya ukumbi ikaamua: isipolia kufikia dansi ya Juhannus, sikukuu yetu ya kiangazi mwezi wa Juni, inakwenda jalalani. Impi, dada yake Aune, aliipiga tangu usichana wake. Impi alilia. Aune akamwambia, "Hebu nyamaza, nitaweka ubao mpya."

Ubao mpya ulikuwa wa msonobari. Lazima ukauke vizuri kabla ya kubandikwa kwa gundi fito za kuushikilia mgongoni. Baadaye unavuta unyevu wa hewa, unatuna kidogo kama sahani iliyopinduliwa, na hapo ndipo sauti inapopata nguvu. Ukiubandika na maji yake, majira ya baridi utapasuka. Basi Aune akaukausha ndani ya sauna ya nyumbani, kile chumba cha joto tunachoogea mvuke. Moto mdogo, maji hapana, kuoga marufuku.

Mumewe, Urho, alivumilia. Jumamosi ikafika, na sisi Wafini Jumamosi bila sauna hujioni mtu. Anasimulia mwenyewe: "Nikasema kata moja tu ya maji kwenye mawe ya moto, nani atajua? Mara mlango ukafunguliwa."

"We Urho! Unafanya nini humo?"

"Naoga, mke wangu."

"Unaoga na ubao wangu?"

"Usijali, nimeupa mgongo."

Aune alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaushika ubao. Ulikuwa umekunywa mvuke. Kicheko kikamkauka.

Ikabidi aanze upya kuukausha. Kamati ilimpigia simu kila kukicha, naye hakukubali kubandika ubao mbichi. Urho akafukuzwa akaoge ziwani, na maji ya Mei hapa mnayajua. "Natoka natetemeka," anasema, "ananiuliza kama nimesugua masikio!"

Mwishowe ubao ukakauka, ukabandikwa, na nyuzi zilikazwa mpaka siku yenyewe ya Juhannus, wageni wakinywa kahawa. Impi akakaa, akapiga. Wasikilizaji, piano ililia! Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyetangulia kucheza.

Aune hakucheza. Akiwa na gauni lake jipya, alijilaza sakafuni chini ya piano, kiganja kwenye ubao, machozi yakimtoka. "Akaniita," anasema Urho. "Akasema, lala hapa usikie. Tulikaa hapo mpaka dansi ikaisha."

Pole sana, mzee Urho. Pole, mama Impi. Nasi wengine, tukitazame tena leo kile tulichokwisha kukikatia tamaa.

Ibada ya mazishi ni kesho, ukumbini. Impi atapiga. Urho ameniomba niwatangazie jambo moja: mkimwona amelala chini ya piano, msimwite daktari. Mwacheni. Wimbo ukiisha, mwenye nguvu amsaidie kuinuka.