Neno Ambalo Sikulisikia

Sikilizeni, wanangu. Mugendi, ondoa hiyo simu usoni mwangu. Sitaki kurekodiwa, nataka kusikilizwa. Iweke pale dirishani pamoja na za wenzako, halafu mje mkae karibu, dada yako Gladys upande huu wa sikio langu zuri, na wajukuu hapo kwenye mkeka. Nasema Kiswahili, si Kiembu, kwa sababu watoto hawa mmewalea mjini na sitaki hata mmoja aseme kesho kwamba cucu, nyanya yake, alisema mambo asiyoyaelewa. Na wewe Kanana, mke wa mwanangu, epua hiyo sufuria; chai itasubiri.

Mwili huu umechoka. Daktari amesema maneno mengi ya upole, nami nimemwelewa, wala siogopi. Mali yangu mnaijua: nyumba hii, ng'ombe wawili, chai ya huku juu, na lile shamba la mtoni lenye nduma na migomba, lisilokauka hata kiangazi kikali. Hilo la mtoni ndilo lililonifanya niwaite.

Mnajua baba yenu mdogo, Mbaka, hajakanyaga boma hili tangu mkiwa wadogo. Mlifundishwa, na mwalimu wenu nikiwa mimi, kwamba Mbaka ana wivu. Kwamba guka yenu, babu mzaa baba yenu, akiwa anakufa alimpa baba yenu Ndambiri shamba la mtoni kwa mdomo wake mwenyewe, na kwetu neno la mzee anayekufa halipingwi, anayelipinga hubeba kirumi, laana inayofuata hata vitukuu. Mbaka aliogopa laana hiyo. Akafunga mzigo akahamia kule chini ya Karurumo, ambako mahindi hunyauka yakiwa yamefika magotini.

Sasa sikieni. Siku guka yenu alipokufa nilikuwa peke yangu naye, maana wanawe wote wawili walikuwa wamekwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Ilikuwa saa nane mchana, nami nilikuwa nimechuma chai tangu alfajiri. Kapu lilikuwa limejaa pale mlangoni, majani yameanza kupata joto, na lori la kiwanda lilikuwa likipanda mlima. Mzee akanishika mkono, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, wanangu. Nami nilikuwa nimemkazia macho huku masikio yangu yakilifuata lori: sasa liko darajani, sasa liko kwa mchungaji. Nikawa naitikia, ndiyo baba, ndiyo baba. Akaniuliza kama nimesikia, nikajibu nimesikia. Akafumba macho, hakuyafumbua tena. Mshika mbili moja humponyoka. Mimi ziliniponyoka zote mbili, maana hata lori liliniacha.

Wanaume waliporudi wakaniuliza mzee amesema nini. Ningesema sikusikia. Lakini niliona haya, mimi mke wa mwana mkubwa niliyeachiwa mgonjwa, na mdomo ukatangulia: amesema shamba la mtoni ni la Ndambiri. Baba yenu alikufa akiamini hivyo. Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka arobaini, na aliyeitembea ni Mbaka.

Usilie, Gladys. Au lia, lakini endelea kusikia.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza kuwa mahali nilipo. Mlinicheka sana, mlisema mama ni mzito, mama anakunywa uji kana kwamba anasali. Ni kweli, nikishika kikombe nakishika mpaka nihisi joto lake, na habari za ng'ombe siziulizi mpaka uji uishe. Nikichuma chai, majani mawili na chipukizi, naangalia lile lililo mkononi, si mstari wa mbele. Mtu akinisalimu njiani natua mzigo, nasubiri amalize, maana wengi wetu huulizana habari tukiwa tumeshapishana. Jioni naosha miguu polepole, kidole kwa kidole, nikimshukuru Mungu kwa pale iliponifikisha. Na akili ikitoroka, na hutoroka, jamani, hata kanisani, siigombezi. Naifuata tu na kuirudisha, kama mbuzi aliyeingia kwa jirani. Mugendi, wewe unakula ukisoma simu, na mtoto wako amekuita mara tatu tangu asubuhi. Nimesikia mimi niliye kitandani, wewe uliye kando yake hukusikia. Nakuambia kwa upendo, lakini nakuambia.

Sijui guka yenu alitaka nini. Labda shamba lilikuwa la Mbaka, labda la wote wawili. Labda hakutaja shamba kabisa. Labda alikuwa anaomba maji. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwa hiyo shamba la mtoni likatwe nusu kwa nusu, na Mbaka ndiye achague kwanza. Chai ya huku juu ni ya Mugendi na Gladys sawasawa, binti naye ni mtoto. Ng'ombe wa kahawia ni wa Kanana, aliyemkamua bila kunung'unika. Mugendi, kesho asubuhi nenda Karurumo wewe mwenyewe. Usipige simu, usimtume mtu wa boda boda. Mweleze Mbaka yote, wala usinitetee. Ana maneno ya miaka arobaini yule, atanitukana. Usimjibu, usitazame saa, usitafute la kusema naye bado anasema. Msikilize mpaka anyamaze mwenyewe, kisha ukae kidogo zaidi, maana la moyoni huja baada ya hapo. Akikataa kusamehe, nusu yake ni yake vilevile. Akikubali kuja... mlete upesi.

Nipeni maji. Asante, binti yangu.

Sogeeni, sauti inaniacha. Mungu awape masikio. Awape kuonja chakula kikiwa bado mdomoni, na kuwaona watoto wenu wakiwa bado watoto. Mvua iwanyeshee ninyi, na iwanyeshee wa Mbaka. Mkasikilizane... mkasikilizwe. Pokeeni.

Haya ndiyo maneno yangu. Yameisha, na mmeyasikia wote. Sasa nikisema lingine... kwa pumzi hii iliyobaki... na msilipate vizuri, msinitungie. Watu watawauliza mama alimalizia na neno gani. Msione haya, wanangu. Semeni... semeni tu hamkusikia.