Figo Ambayo Mama Aliishukuria Kabla ya Kuipata

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Ninawasalimu wote, hata wale ambao bado nina hasira nao. Nimeandika maneno haya pole pole, kwa sababu nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka. Mnivumilie nisome.

Mnamjua mama yangu, muuza vitenge pale sokoni Nateete. Figo zake zilikufa. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa anaenda hospitali kuoshwa damu kwa mashine. Alichoka, lakini aliishi.

Halafu mzee mmoja wa kanisa hili alituletea simu yake. Ilikuwa na video ya mashine inayochapa figo, tabaka juu ya tabaka, kama karatasi za mtihani zinavyotoka. Mzee alisema ameonyeshwa katika maombi kwamba figo ya mama inachapwa ng'ambo sasa hivi. Ndugu zangu, mnajua desturi yetu hapa: ukitabiriwa, unashukuru kwanza, kabla hujapokea. Mama akasimama hapa hapa, akatoa ushuhuda kwamba ana figo mpya. Mlipiga makofi! Mlisema amina! Mimi pia nilisema.

Alhamisi iliyofuata hakwenda hospitali. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Nilishatoa ushuhuda. Nikionekana kule, kanisa litasema mimi ni mwongo."

Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Miguu yake ilivimba, uso ukavimba, nami nikanyamaza, kwa sababu sijazoea kumjibu mtu mzima.

Jumatano asubuhi alianguka juu ya vitenge vyake. Pumzi ilikuwa fupi kama ya mtu aliyepanda mlima. Tulimpakia kwenye boda, mimi nyuma nimemshika. Akamwambia dereva atupeleke kanisani, kwenye maombi. Dereva aligeuka akaniangalia mimi. Ndugu zangu, pale ndipo Mungu alipofungua mdomo wangu! Nilisema, "Hospitali." Mama akanikaripia, nami nikasema tena, "Hospitali, na uende haraka."

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mkali. Aliuliza mama amekosa mashine mara ngapi. Nilipomweleza habari ya video, aliweka bomba la sindano chini.

"Mwanangu, mashine hiyo ipo," alisema. "Wanachukua chembe hai za mtu, wanachapa vipande vidogo vya nyama, wanajaribia dawa. Figo nzima ya kumwekea mama yako, bado. Wanaendelea kutafuta. Wewe mlete Jumatatu na Alhamisi."

Kwa hiyo mashine si uongo. Wale wanaohangaika nayo ninawaombea. Hasira yangu ni kwa sisi tuliochukua kazi yao ambayo bado haijaisha tukaifanya unabii.

Mzee alikuja wodini. Alimsihi mama asifute ushuhuda wake, aseme tu kwamba imani yake inajaribiwa, asije akaliaibisha jina la Mungu. Mama alikuwa na mirija mkononi, akageuza uso ukutani. Nikamjibu mimi.

"Mungu hakumwahidi mama figo. Iliyomwahidi ni simu yako, mzee."

Alisema nimekosa adabu. Labda. Lakini mama aligeuka, akanishika mkono, na Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani akaoga mapema, akanisubiri mlangoni twende hospitali.

Namshukuru Mungu aliyemtoa mama kwenye aibu iliyotaka kumzika, akanitoa na mimi kwenye woga. Wewe uliyeacha dawa zako kwa sababu ulishashuhudia hapa, usiogope macho yetu. Mtegemee Mungu, urudi kwa wauguzi. Yeye hahitaji ufe ili sisi tuonekane tulisema kweli.

Mama yuko pale nyuma, hawezi kusimama muda mrefu. Amenituma nifute maneno yake. Mama yangu hajapata figo mpya. Yu hai.

Semeni amina kwa hilo.