Bi. Epifania Mapunda, Mpiga Picha wa Mechi za Jioni

Tarehe 30 Juni 1999, Bi. Epifania Mapunda anastaafu baada ya kulitumikia gazeti letu la Matogoro kwa miaka ishirini na minane. Aliajiriwa kuosha filamu katika chumba cha giza. Alikabidhiwa kamera baada ya mpiga picha wetu kuhamia Mbeya, maana hakukuwa na mwingine aliyejua kuishika.

Wengi mnamfahamu kwa picha za michezo. Wachache mnajua kwamba nusura aziache.

Mwaka 1992, biashara ilipokwisha kufunguliwa na maduka ya Songea yakaanza kuleta vifaa vya nje, aliomba lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Akanunuliwa. Akaenda nayo kwenye fainali ya netiboli ya mkoa, Maposeni na Tunduru. Basi la Tunduru lilikwama njiani, mechi ikaanza jua linazama. Lenzi iliwavuta wachezaji karibu sana, ila iliingiza mwanga kiduchu, na picha zote zikatoka kama moshi. Gazeti likaandika mistari mitatu tu ya matokeo. Bi. Epifania alijifungia chumba cha giza akalia, kisha akamwomba mhariri wetu, Mzee Osmund Haule, amrudishe kwenye kuosha filamu.

"Mama, rudi uwanjani," Mzee Osmund alimwambia. "Lenzi nyingine tutatafuta."

Ilichukua miaka miwili. Safari hii hakukimbilia kununua. Alimwomba mfanyabiashara Pankrasi Nchimbi amwazime lenzi mbili, akashinda nazo mazoezini mpaka giza likaanza kuingia. Moja ilikuwa ndefu, mpya, inang'aa. Nyingine ilikuwa fupi na nene kama kopo la maziwa. Haikuvuta mbali hata kidogo, lakini tundu lake lilifunguka wazi likapokea mwanga mwingi, kiasi cha kumnasa mtu anayeruka jioni bila picha kutikisika. Akaichagua hiyo. Mzee Osmund aliuliza sasa atawafikiaje wachezaji.

"Nitawafuata kwa miguu," alijibu. "Mwanga ndio siwezi kuufuata."

Fainali ya 1994 ikawakutanisha Maposeni na Tunduru tena, na basi, kama kawaida, likachelewa. Mwamuzi alikataza flashi. Bi. Epifania akapiga goti nyuma kidogo ya goli. Hilda Komba, mfungaji wa Maposeni, aliruka kudaka pasi, akamwangukia mzimamzima. Goti la Bi. Epifania liliteguka. Lakini alikuwa ameshabonyeza, na kamera alikuwa ameinyanyua juu, haikuguswa.

Picha ilijaa ukurasa wa mbele: Hilda yuko hewani, vidole vimekunjuka, macho kwenye mpira. Siku chache baadaye mama yake alikuja ofisini na gazeti mkononi. Tulijua alikuwa akimkataza binti huyo mchezo, kwa kuwa ulimtoa shambani, tukadhani amekuja kugomba. Akalitandaza mezani.

"Huyu ni wangu mimi?" aliuliza. "Kumbe anarukaga hivi!"

Akaomba nakala ya kutundika ukutani. Mechi iliyofuata alikuwepo, anapiga vigelegele kuwashinda wote.

Tangu wiki ile, michezo ya wanawake haijakosa picha katika gazeti hili.

Sasa Bi. Epifania anahamia Mpitimbi kufungua studio. Anasema atapiga picha za ubatizo na harusi, watu wakiwa wametulia. Hatumwamini sana: wasichana wa netiboli wa huko wameshamwomba awe mlezi wa timu, naye amekubali.

Bi. Epifania, asante kwa kazi na kwa kicheko chako. Tunakuombea afya, wateja wengi na miaka mirefu ya raha. Ukisikia hodi nyingi mlangoni, fungua. Ni sisi, tumekuja kupigwa picha.

Romanus Ngonyani
Dawati la Michezo