Nguzo ya Maili Isomwayo kwa Kisogo

Sogeeni, wanangu. Winifred, keti upande huu wenye sikio langu zima, nawe Clement iweke kando hiyo simu, kwa maana pumzi niliyobakiza ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba hii ya ukingoni mwa mfereji ni yenu nyote wawili, sawa kwa sawa, na saa ya ukutani aichukue Winifred, ambaye ndiye pekee aliyekuwa akikumbuka kuitia ufunguo. Hayo nimekwisha kumwachia wakili. Ninalowaitia ni ile nguzo ya chuma iliyo mbele ya lango letu, ambayo mwezi ujao kamati ya urithi itaamua kama isajiliwe na kulindwa jinsi ilivyo, au kwanza irekebishwe.

Mnajua, kwa kuwa mlikua mkiiparamia, kwamba kila nguzo ya mfereji huu, tangu ziliposimikwa mwaka 1819, hubeba vibao viwili, na kibao kinachomtazama mwenye mashua humwambia maili zilizobaki hadi aendako. Yetu peke yake humwambia maili za alikotoka. Wenye mashua waliwafundisha watoto wao, “Kwa Colclough, soma kwa kisogo,” yaani hapa kwetu, nao wakipita hugeuza shingo wakacheka.

Mnamo Juni 1940 iliamriwa nguzo zote zing'olewe zifukiwe, ili adui akishuka kwa miavuli asijue yuko wapi. Babu yenu Josiah, mlinzi wa lango la maji, aliifukia yetu nyuma ya zizi la farasi, na kaka yangu Reuben ndiye aliyemsaidia kufungua nati, kabla hajaenda vitani Burma. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1946, nguzo ikiwa inarudishwa, tarishi wa posta alileta habari kwamba Reuben, aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa waliopotea, imethibitika kwamba amekufa. Babu yenu aliisoma ile karatasi, akaikunja, akarudi kukaza nati zake; na vibao akavipishanisha. Msimamizi wa mfereji alipomwonyesha kosa, alijibu, “Nimeona,” akaingia ndani, wala hakuvigusa tena hadi alipofariki mwaka 1961. Sijui kama alikosea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nami, niliyekuwa karani wa mfereji huu tangu 1947 hadi 1990, niliyepata kumrudishia mkubwa wangu barua kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana, juu ya nguzo ile sikuandika hata mstari mmoja.

Clement, uliniambia kutoka Kanada kwamba kosa ni kosa, na urithi wa taifa usilinde kosa. Sikukujibu, kwa kuwa jambo hili halijibiwi kwa simu. Vibao vikirudishwa mahali pake, nguzo itakuwa sahihi kama zile nyingine zote, na Reuben, asiye na kaburi, hatakuwa na jiwe wala chuma kilichosimama kwa ajili yake popote duniani.

Kuna na jirani yetu Amos Tunnicliffe. Sijamsemesha tangu Krismasi ya 1958, aliponiuliza kilabuni mbele ya watu, “Colclough, hivi baba'ko na viatu huvaa hivyo hivyo, cha kushoto kulia?” Nilimmwagia bia yangu miguuni nikatoka. Tangu mama yenu atutoke mwaka 2003, ni yeye na mimi tu tuliobaki ukingo huu, kila mmoja na moshi wake, na siku nyingi sauti pekee niliyoisikia ni kikohozi chake ng'ambo ya uzio; nikikisikia, nilijua yu hai, nikageukia ukutani.

Mwezi uliopita binti mmoja wa idara ya urithi alikwenda kumwuliza Amos maoni yake juu ya nguzo. Nilisimama dirishani nikingoja ashangilie. Nikamsikia akisema, “Binti, hivyo vibao ukivigusa nitakutupa majini na kofia yako. Yule mzee alikuwa na akili zake timamu. Mie nilimtania mwanawe tu, kwani utani ni dhambi?” Nikafunga dirisha. Nilitaka kumwendea, miguu ikakataa, na kitanda kikanipokea.

Niinueni kidogo... hapo. Basi nendeni kwenye kikao, myaseme niliyoyasema, na mketi upande wa Tunnicliffe. Brashi yangu na mkebe wa rangi nyeupe viko chini ya ngazi. Kila Mei Mosi nimeipaka nguzo ile kwa mkono wangu. Mpelekeeni Tunnicliffe. Msimwambie ni msamaha, atavikataa. Mwambieni Mei inakaribia.

Clement, nipe mkono. Mungu awape safari ndefu, wanangu, na popote mtakapofika... mkigeuza shingo, mjue ni maili ngapi hadi nyumbani.

Sasa nyamazeni. Lifungueni hilo dirisha. Nataka... nimsikie akikohoa.